Nilivyokwenda Buffalo Kugusa Sikio la Mama Mkwe

Kwa miaka minne niliamini, kwa akili zangu zote na cheti cha shule ya usiku juu yake, kwamba kila ukoo wa Kituruki una sikio moja.

Sikio la kupimia unga, ndiyo maana yangu. Aliyenipa habari hiyo ni Shabani, mnamjua wote, yule aliyekaa nyuma yetu darasani akitafuna karanga huku mwalimu akihangaika na desimali. Shabani aliwahi kufanya kazi na Mturuki mmoja kwenye ghala la maboksi kwa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili akaumaliza Uturuki wote. Alinieleza kwamba wanawake wa Kituruki hawana vikombe vya kupimia wala mizani. Wanakanda unga mpaka uwe laini kama ndewe, ile nyama ya chini ya sikio panapoingia hereni. Mpaka hapo alikuwa sahihi. Kisha akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali, akasema si sikio la yeyote tu. Ni la mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo. Binti akiwa mdogo anashikishwa sikio la bibi yake, kisha la mama yake, mpaka vidole vikariri, ndipo anaruhusiwa kuolewa.

"Na mwenye sikio akifa?" nikamuuliza.

"Wanahamia sikio linalofuata."

"Na wakikosa?"

"Wakikosa," Shabani akasema, akitema ganda, "wanakula mkate wa dukani mpaka kiama."

Nikaamini. Shabani, najua unasoma hii. Kaa hivyo hivyo, usijitetee.

Wengine mmeniuliza safari ilikuwaje kwenye simu, msikitini, hata kwenye maegesho ya duka, na kila mmoja nimempa kipande. Hii hapa nzima. Mambo ya tiketi na vitambulisho nayaruka, hayana ladha.

Louisville: mawe ya kila Alhamisi

Kwa wasiomjua mke wangu: Nermin alikuwa Mturuki wa Ahiska, wale ambao babu zao walihamishwa nchi hii kwenda ile mpaka wakaangukia Marekani. Mimi nilizaliwa Kasulu, na nikaangukia Marekani kwa njia zangu. Tulikutana kwenye chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo letu. Soksi yangu ilikuwa imeingia kwenye nguo zake, akapanda ghorofa tatu kunirudishia, na sikumwacha ashuke tena. Tulikaa miaka sita. Hatukujaliwa mtoto. Mwaka huu, mwishoni mwa baridi, alikuwa anatimiza miaka miwili kaburini.

Kila Alhamisi alasiri Nermin alikaanga bishi. Bishi ni ndugu wa andazi, lakini bapa, pana kama kiganja, bila iliki, na ukiichana ndani inatoa mvuke kama inapumua. Hakuwa anatukaangia sisi. Kwao, mafuta yakipata moto na unga ukaingia, ile harufu inapanda na kuwafikia marehemu wa nyumba hiyo, wajue bado wanakumbukwa. Alimkaangia baba yake. "Sisi tunakula yanayobaki baada ya harufu," alikuwa akisema, na yanayobaki hayo nilikuwa nakula kumi na mbili.

Sasa wa kukaangiwa ni yeye, na wa kukaanga ni mimi.

Alhamisi ya kwanza nilikaanga mawe. Moja lilianguka sakafuni, jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Alhamisi ya pili unga ulikuwa uji, ukatawanyika kwenye mafuta, king'ora cha moshi kikalia, wakaja zimamoto wanane. Nikawakaribisha wote wanane wale, na wote wanane wakasema wameshiba. Unga niliouharibu mwaka huo ungelisha mkoa mzima wa Kigoma na wageni wake. Lakini niwaambie kitu ambacho sikuwaambia kwenye simu. Kila nilipokosea, nilizima jiko haraka na kufunika sufuria, ili harufu isipande. Niliona aibu. Nilimwona Nermin huko aliko akinusa, akiwauliza wenzake, jamani, hapo ni nyumbani kwangu kweli?

Hakuwahi kunifundisha kukanda na mimi sikuomba, nilidhani ni mambo ya wanawake wa ukoo wao. Siku moja tu nilimuuliza anajuaje kama unga umetosha. Akacheka, akasema, "Ukiwa kama sikio." Nikatikisa kichwa kisomi. Shabani alikuwa ameshanimalizia habari zote.

Kwa hiyo lilibaki sikio moja duniani: la Mama Sabiha, mama yake Nermin, aliyeko Buffalo, mwenye miaka themanini na kitu. Angeondoka nalo, Nermin wangu asingekaangiwa tena bishi ya kweli.

Na hapo ndipo tatizo lilipokaa. Nilivyolelewa mimi, mama mkwe hashikwi. Hatazamwi usoni, wala huli mbele yake. Babu yangu alipomwona mama mkwe wake njiani aliingia kwenye shamba la mihogo kusubiri apite, na siku moja walisimama kuzungumza, babu akasubiri mpaka mihogo ikakomaa. Nami nilishika hivyo hivyo. Kila tulipokwenda Buffalo, Mama Sabiha akipakua, nilichukua sahani yangu nikaenda kula kwenye gari. Kwenye theluji, kioo kimejaa ukungu, nakula peke yangu kwa heshima zote. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anakwenda kumgusa sikio.

Louisville hadi Columbus: dereva aliyeishiwa saa

Gari langu lilitengenezwa wakati wa nabii Nuhu, halivuki mto bila kupumzika, kwa hiyo nilipanda basi Jumanne asubuhi. Tulifika Cincinnati vizuri. Hapo dereva akazima injini, akasimama, akatangaza kwamba saa zake za kuendesha kisheria zimekwisha, akashuka na mkoba wake wa chakula. Hakuonekana tena. Dereva mwingine alikuwa njiani anakuja, wakasema. Nadhani alikuwa anakuja kwa magoti.

Nilikaa saa tatu na nusu kwenye viti vya chuma vya kituoni. Nikaona nitumie muda kujiandaa, nizoee kuangalia masikio ya wazee bila kuona haya. Mbele yangu alikaa bibi mmoja mweusi, mnene, mwenye hereni za dhahabu na ndewe zilizoninginia kwa uzuri ambao hata Shabani angevua kofia. Nikazitazama. Nikainamisha kichwa nizione kwa upande. Baada ya dakika kumi hivi mwanawe, mtu wa kimo cha mlango, akasimama mbele yangu.

"Unaangalia nini kwa mama yangu?"

"Masikio," nikasema. Nilikuwa nimejiapiza safari hii sisemi uongo.

"Masikio yake yamefanyaje?"

"Hayajafanya kitu. Ni mazuri. Natafuta la kupimia unga."

Nikamweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kukunjamana. Bibi mwenyewe ndiye aliyeniokoa. Aliuliza unga wa nini, nikamwambia, wa mke wangu aliyefariki. Akamvuta mwanawe mkono akae, akatoa kwenye mkoba kipande cha keki ya viazi vitamu kilichofungwa kwenye karatasi ya foili, akanipa.

"Kula," akasema. "Umekonda."

Mimi, kilo tisini na sita! Lakini nilikula, na sikumbuki mara ya mwisho mtu aliniambia nimekonda. Nermin alikuwa akiniambia kila siku.

Columbus: kwa Mama Neema

Usiku huo nililala Northland kwa Mama Neema, Mkongo wa Uvira, jirani yetu wa zamani katika kambi ya wakimbizi kule Kasulu. Sasa anatunza wazee majumbani, na anaishi nyuma ya duka la vyakula la Wasomali, pale Morse Road. Alinipikia ugali, sombe, yaani kisamvu, na samaki, akaniangalia nikila mpaka nikamaliza, ndipo akauliza ninakwenda wapi. Nikamwambia.

"Bon," akasema, akiweka kijiko chini. "Yasini, weye unaenda kushika mukwe masikio? Mukwe! Ata shetani hawezi kukutuma ile kazi."

"Sasa nitafanyaje, Mama Neema?"

"Donc hakuna binti mwengine kwa ile nyumba?"

"Yuko shemeji yangu, Gulnara, mdogo wake Nermin."

"Voilà. Gulnara anashika sikio ya mama yake, kisha anashika bunga. Weye unashika bunga tu. Mukwe anabaki na heshima yake, na weye unabaki na akili yako, kama ingali iko."

Mnaona? Wala hakushangazwa na habari ya sikio. Alisema kwao pia chumvi inapimwa kwa kiganja cha aliyekufundisha, na yeye mpaka leo anapima kwa kiganja cha mama yake, kwa hiyo sikio la Waturuki ni jambo la kawaida tu. Wakati huo nilijiona nina ushahidi wa mataifa mawili.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Toka ulizika bibi yako, ule mama ulimupigia simu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kwa miaka mbili?"

"Nilikuwa namheshimu, Mama Neema. Unajua mila."

Alisimama, akaanza kukusanya vyombo. Binti yake alipita sebuleni akamwambia kitu kwa Kiingereza, naye akamjibu kwa Kiswahili, kila mmoja akaendelea na lugha yake. Kisha akanigeukia.

"Ile heshima yako, Yasini, kwa mutu mwengine inafanana na kukimbia."

Asubuhi alinifungashia mandazi arobaini, nami nasema arobaini bila kutia chumvi, na mfuko wa ndagala, dagaa wakavu wa Tanganyika waliokuwa wamevuka bahari ndani ya sanduku la mgeni wake. "Unaenda kwa mukwe mikono bule? Muletee hii. Muambie ni ya kwetu."

Columbus hadi Buffalo: dagaa, theluji na Bi Dorothy

Dagaa wana tabia moja: hawakubali kusafiri kimyakimya. Kabla hatujafika Cleveland basi zima lilikuwa linajua. Mtu wa kiti cha mbele alikagua soli za viatu vyake. Dereva alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba kama kuna aliyevua viatu, tafadhali avivae. Nikakumbatia mfuko, nikatazama nje.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mzee wa Kizungu, mwembamba, Dorothy, mzaliwa wa Buffalo.

"Ni wewe," akaninong'oneza.

"Ni mimi. Ni samaki. Ni zawadi ya mama mkwe."

"Humpendi?"

Karibu na Erie theluji ikaanza. Niliyozoea Louisville ni ya kuigiza. Hii ilikuwa inamwagwa kwa malori. Njia kuu ikafungwa, basi likaingizwa kwenye kituo cha kupumzikia, na humo tukabaki mpaka asubuhi ya Alhamisi. Mashine ya biskuti iliisha saa ya kwanza. Ndipo nikafungua mandazi. Nilianza na Bi Dorothy, akafuata yule wa viatu, akafuata dereva, na mwisho nilikuwa nagawa kama bwana harusi. Hakuna aliyeulizia tena habari ya dagaa.

Bi Dorothy alikula lake polepole, akiligeuza geuza kwenye mwanga. Aliniambia mama yake, Mpolandi, alikuwa akikaanga yanayofanana na haya kabla ya mfungo wao, yenye jemu ndani. Nyumba ilijaa watu, walipanga foleni mpaka kwenye ngazi.

"Unayapika mwenyewe siku hizi?" nikamuuliza.

"Hapana. Niliyakuta tayari maisha yangu yote, nikadhani yapo tu." Akajipangusa sukari. "Nilikuja kumuuliza mwaka mmoja baada ya kumzika. Nilikwenda makaburini na kalamu na daftari, kama mjinga. Nikakaa kwenye benchi. Nikarudi nyumbani."

Nikampa andazi la pili. Akalifunga kwenye leso akaliweka kwenye mkoba, hakulila.

Lower West Side: kibaraza kitupu

Anwani niliyokuwa nayo ilikuwa ya Lower West Side, nyumba ya mbao ya rangi ya bluu ambayo nilikuwa naegesha mbele yake kula. Nilishuka basi la mjini saa tatu asubuhi, theluji magotini, mfuko kifuani. Madirisha hayakuwa na mapazia. Kwenye kibaraza, pale kilipokuwa kiti cha Mama Sabiha, palikuwa na theluji bapa isiyo na alama ya mguu. Nikabisha. Nikabisha tena. Nikachungulia, nikaona chumba kitupu na msumari ukutani.

Nikawaza alichowaza kila mmoja wenu hapo mlipo. Nimechelewa. Nilikaa kwenye ngazi, kwenye theluji yenyewe, nikaanza kufikiri nilikuwa wapi siku walipomzika, kama nilikuwa kazini nikipakia maboksi au nimelala. Masikini Mama Sabiha. Alikuja Louisville kumzika mwanawe, akasimama pembeni ya kaburi, nami kwa heshima nikasimama upande wa pili.

Nyumba ya pili mama mmoja Mkongo alikuwa anasukuma theluji kwa koleo. Akaniangalia, akanisikia nikijisemea Kiswahili.

"Papa, unatafuta ule mama Muturuki?"

"Alifariki lini?"

"Nani alifariki? Alihama! Iko Kenmore na binti yake, toka mwaka jana. Juzi alinipitia, akaniletea ma-beignet ya kwao, ile mandazi bapa. Simama, papa, utaganda matako."

Nilimpigia Gulnara. Simu iliita mara moja tu, akapokea.

"Enishte?" Ndivyo wanavyomwita mume wa dada. Sikuwa nimeitwa hivyo kwa miaka miwili. "Uko wapi?"

"Mbele ya nyumba yenu."

"Nyumba gani? Tulihama. Nilikutumia ujumbe, na anwani."

Ujumbe ulikuwepo. Nimeuangalia baadaye, upo, na picha ya mlango mpya. Baada ya Nermin kulikuwa na ujumbe mwingi ambao sikuufungua.

"Njoo," Gulnara akasema. "Ni Alhamisi, mama anakanda."

Kenmore

Mama Sabiha anaongea Kituruki na Kirusi. Gulnara alikuwa anageuza kwa Kiingereza, nami hapa nawageuzia, kwa hiyo kama kuna mahali maneno yamepoa mjue yamesafiri mbali.

Nilisimama mlangoni mwa jiko macho chini. Nilichokiona cha mama mkwe ni soksi mbili za sufu, nyekundu, alizofuma mwenyewe. Nikaweka dagaa kwenye meza kwa mikono miwili na kurudi nyuma hatua tatu. Akafungua mfuko. Akanusa.

"Anauliza ni dawa au chakula," Gulnara akasema.

"Chakula. Ni cha kwetu."

Nikasikia sufuria ikiwekwa. Baadaye kidogo nikaona mbele yangu sahani: hinkali, vile vipande vya unga vya kuchemsha alivyokuwa akivipenda Nermin, vimefunikwa mtindi na kitunguu saumu, na siagi iliyochemka inatiririka pembeni. Nikaipokea, nikainama, nikageuka kwenda kula kwenye gari.

Ndipo nikakumbuka sina gari.

Nikafanya lililobaki. Nilitoka nje, nikasimama kibarazani, theluji inaniingia kwenye sahani, nikaanza kula. Kijiko cha pili hakijafika mdomoni mlango ukafunguka, Mama Sabiha akatoka na soksi zake hizo hizo, bila viatu, akaanza kusema. Alisema sana. Gulnara alikuja nyuma yake na koti akijaribu kumfunika.

"Anauliza ni kitu gani kwenye chakula chake kinachokufanya ukimbie. Miaka sita, enishte. Alikuwa anakuona dirishani. Alimuuliza dada, dada akasema ni mila yenu, lakini mama hakuamini. Anasema hakuna watu duniani wenye mila ya kula ndani ya gari." Gulnara akatazama sahani yangu. "Anasema alipokufa dada hukuja tena, akajua alikuwa sahihi. Ulikuwa unamwonea kinyaa."

Ndugu zangu, nimesimama mbele ya maofisa wa nchi mbili kueleza mimi ni nani, haikuwahi kuwa ngumu hivyo. Nikamweleza, nikitazama theluji. Nikamweleza babu na shamba la mihogo. Nikamwambia kwamba ningekuwa nadharau ningekula mezani, nikakenua meno, nikaomba nyongeza. Kwamba nilikuwa nafuta ile sahani kwa mkate mpaka inang'aa. Kwamba nimeacha kuja kwa sababu kila kitu nyumbani kwake kina harufu ya mtu mmoja.

Gulnara aligeuza. Mama Sabiha akalivuta koti likamkaa vizuri mabegani. Kisha akauliza swali fupi.

"Anauliza, mwanamume mkwe kwenu anakaa hivyo miaka mingapi?"

"Mpaka afe mmoja wao. Au mpaka mkubwa amfungue."

Akacheka kidogo, kwa pua. Akatushika wote, yaani alimshika Gulnara na Gulnara akanishika mimi kwenye kiwiko, tukaingia ndani. Alikaa kwenye kiti, akasimulia huku akisugua miguu yake. Kwao, enzi zake, bibi harusi hasemi mbele ya baba mkwe. Hata neno. Yeye alikaa miaka saba, akitaka kusema jambo analinong'oneza kwa mtoto, mtoto ndiye anayesema. Mwaka wa saba baba mkwe alimwekea shali mabegani, akamwambia, sema, binti yangu, nimechoka kutokujua sauti yako. Neno la kwanza alilosema ni kwamba mchuzi unaungua, maana ulikuwa unaungua kweli.

Akasimama, akaenda kwenye kabati, akarudi na mti wa kusukumia unga, mwembamba, mrefu kama mkono, umelainika kwa miaka. Akaniwekea mikononi.

"Anasema shali hana," Gulnara akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anakupa hii. Umefunguliwa. Kaa ule, kinapoa."

Nikakaa. Nikainua macho. Ana macho ya Nermin, hilo hamjawahi kuambiwa, na mimi mwenyewe nilikuwa sijalijua miaka yote hiyo. Nilikula mbele yake sahani mbili. Machozi niliyasingizia kitunguu saumu, naye akanisaidia uongo huo kwa kunisogezea maji.

Baada ya hapo akarudi kwenye unga. Alimimina kwa macho, maji vuguvugu kwa macho, hamira, chumvi, mtindi kidogo, hakugusa kikombe wala kijiko. Akakanda, akakunja, akakanda. Gulnara akaweka mafuta jikoni. Nikaona muda ndio huo, nikamnong'oneza shemeji mpango wa Mama Neema.

"Nishike nini?" akasema.

"Sikio la mama. Halafu ushike unga. Mimi nitashika unga tu, sitamvunjia heshima."

"Kwa nini?"

Ikabidi nitoe somo lote, kama nilivyopewa: sikio la ukoo, la mwanamke mkubwa kuliko wote, vidole vya mabinti vinavyokariri, mkate wa dukani mpaka kiama. Nikasema nimetoka Louisville kwa ajili hiyo, kwa sababu Nermin anatimiza miaka miwili na bishi yangu haijawahi kumfikia. Gulnara aligeuza polepole, sentensi moja moja, akiniangalia kila mara kama nitaghairi.

Mama Sabiha aliacha kukanda. Aliangalia binti yake, akaniangalia mimi, akauliza kitu, Gulnara akaitikia kwa kichwa. Basi yule mama akacheka mpaka akakaa, akacheka mpaka akajifunika uso kwa aproni, na alipoitoa macho yalikuwa mekundu. Akafuta unga mkononi. Akanishika mkono, mama mkwe wangu akanishika mkono, akaupeleka mpaka kwenye sikio langu mimi, akabana vidole vyangu juu ya ndewe yangu, kisha akavishusha kwenye donge la unga. Akafanya hivyo mara mbili. Mafuta yalikuwa yameanza kuimba. Akasema maneno machache, bila kucheka sasa.

"Anasema hakuna sikio la ukoo, enishte," Gulnara akasema. "Kila mtu anapima kwa lake."